Kinasa cha nje kimepata alama kubwa kuliko cha ndani. Je, eneo tulilofunga halina samaki?

"Habari mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi kinachosimamia ghuba ndogo ya bahari. Miaka mitatu iliyopita tulifunga sehemu yake isivuliwe. Maji yetu yana tope, mpiga mbizi haoni mbali zaidi ya urefu wa mkono, kwa hiyo kuhesabu samaki kwa macho kumetushinda. Mwaka huu tuliazimwa vinasa sauti viwili vya chini ya maji. Kimoja tulikifunga kwenye tofali la zege juu ya mchanga, ndani ya eneo lililofungwa, kina cha mita 8. Kingine tulikining'iniza kwenye kamba ya boya, nje, karibu na mawe na matumbawe yaliyokufa, kina cha mita 3. Tulirekodi siku 12, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Programu ikatupa 'alama ya utata wa sauti', na tukaambiwa alama kubwa ni ishara ya uhai mwingi. Alama ya nje ikatoka kubwa kuliko ya ndani! Wasiotaka eneo lifungwe sasa wanatucheka. Siku moja tulichelewa kuvitoa vifaa, na kile cha ndani kikaendelea kurekodi hadi usiku. Humo kuna mlio wa 'ngu, ngu, ngu', kama mtu anabisha mlango, ambao mchana haumo kabisa. Je, kufunga kumeshindwa? Na ni kweli kwamba samaki wanaweza kuhesabiwa kwa sauti?"

Ndugu katibu,

Nianze na linalowanyima usingizi. Rekodi mlizo nazo hazionyeshi kwamba kufunga eneo kumeshindwa. Hazionyeshi pia kwamba kumefaulu, na wakitokea wanaowaunga mkono wakataka kuzitumia kujisifu, wakatazeni vilevile. Mlichonacho ni vinasa viwili vilivyowekwa mahali pawili pasipofanana, vikasikiliza saa ambazo samaki wengi hawana la kusema, kisha programu ikaachiwa itoe hukumu. Tofauti ya alama mliyoipata ingeweza kutokea hata kama ndani mna samaki mara kumi ya walioko nje. Katika yote mliyoniandikia, jambo lenye thamani kubwa ni ule mlio mlioupata kwa sababu ya kuchelewa. Nitaufikia.

Kwanza vaeni hedifoni mkasikilize dakika tano za rekodi ya nje. Nina hakika mtasikia mwaliko usiokatika, kama kuni mbichi motoni. Huyo si samaki. Katika bahari za joto, karibu kila penye mawe, vifusi vya matumbawe, sponji au nguzo za gati, huishi kamba wadogo wa jamii ya Alpheidae, wengi wao wakiwa na urefu wa sentimita chache tu. Kila mmoja ana gando moja lililolizidi jingine kwa ukubwa. Hulikaza kama mtu anayevuta manati, kisha hulifyatua. Maji yaliyokuwa katikati ya gando huchomoka kwa kasi kubwa mno hata kiputo kikatokea ndani ya maji, na kiputo hicho kinapojifumba ndipo mlio hutoka. Kwa muda mrefu watu walidhani ni vidole vya gando vinavyogongana. Picha za kamera ya kasi zilizochapishwa mwaka 2000 ndizo zilizomaliza ubishi. Kamba hawa wakiwa wengi hufunika kila kitu: katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia wanamaji walilazimika kuwachunguza kwa sababu makelele yao yalikuwa yanaficha sauti za nyambizi.

Sasa angalieni mlikokiweka kinasa cha nje: karibu na mawe na matumbawe yaliyokufa. Matumbawe yaliyokufa, yenye mashimo na nyufa, ni mtaa mzuri kwa kamba. Kinasa cha ndani kiko juu ya mchanga mtupu. Tayari shindano halikuwa sawa kabla hata ya samaki mmoja kuguna.

Na hapa Kiswahili chetu kinatuchezea, maana kuna kamba mwenye gando na kuna kamba ya boya, na nadhani rekodi yenu ya nje ina kamba wa aina zote mbili. Kamba iliyokazwa na mkondo hutetema kama uzi wa zeze. Boya likiinuliwa na wimbi, kinasa hupanda nalo na kushuka, kikasugua, kikagonga, maji yakapiga ubavuni mwake. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza karibu wiki mbili nikimchambua "samaki" mwenye sauti ya kupendeza, mwenye mpigo usiobadilika, nikamwandikia hata maelezo. Alikuwa pingu ya chuma kwenye nanga yangu.

Ile alama yenyewe nayo ina historia. Ilibuniwa na watafiti wa Italia kwa ajili ya nyimbo za ndege, ikachapishwa mwaka 2011. Hesabu yake si ngumu: kompyuta hukata sauti katika vipande vidogo vya muda na vya masafa (yaani unene au wembamba wa sauti), hutazama nguvu inavyopanda na kushuka kutoka kipande hadi kipande, kisha hujumlisha mabadiliko hayo. Msituni jambo hilo lina mantiki. Ndege hupandisha na kushusha, ilhali upepo au gari la mbali huvuma kwa mfululizo, kwa hiyo ndege huongeza alama na mvumo hauiongezi. Chini ya maji, kinachoruka juu na chini kuliko vyote ni mifyatuko ya kamba. Samaki anayenguruma kwa sauti nzito, ya chini, kwa sekunde nzima, huongeza kidogo sana. Programu yenu ilifanya kazi yake barabara, ila kwa kiasi kikubwa ilikuwa inawasomea kamba. Aliyewaambia kwamba alama kubwa maana yake ni uhai mwingi alirahisisha kupita kiasi.

Kuna kitu cha tatu, nacho ni fizikia ambayo anayeazimwa kinasa haelezwi mara nyingi. Sauti baharini husafiri kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Hiyo ina maana kwamba mguno wa hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, una wimbi lenye urefu wa mita saba na nusu. Wimbi refu namna hiyo halina nafasi katika maji ya mita 3. Linabanwa kati ya uso wa maji na sakafu, na baada ya umbali mfupi limekwisha. Juu ya sakafu ya mchanga, maji ya kina cha mita 3 huua haraka sauti zilizo chini ya hezi 250 hivi, ilhali kwenye mita 8 kizingiti hicho hushuka hadi karibu hezi 100. Samaki wengi husema kati ya hezi 50 na 1,500. Basi kinasa chenu cha nje kilikuwa kama mtu aliyefungiwa chumbani: sauti nzito alizoweza kuzisikia ni za majirani wa ukutani tu. Cha ndani kilikuwa na dirisha pana zaidi. Hata kama kamba wasingekuwepo, msingeweza kuviweka viwili hivyo kwenye mizani moja.

Turudi kwa samaki wenyewe, maana bado wapo wanaoamini kwamba ni bubu. Aristotle aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba baadhi ya samaki hutoa milio, na wavuvi walijua hivyo kabla yake. Wengi hutumia kibofu cha hewa, kile kinachowasaidia kuelea. Misuli iliyoshikamana nacho hukaza na kulegea upesi upesi, kibofu kikawa ngoma. Kuna samaki wa jamii ya Batrachoididae, wale wenye sura ya chura, ambao misuli yao ya sauti huweza kukaza na kulegea hadi mara 200 kwa sekunde. Ni miongoni mwa misuli yenye kasi kubwa kuliko yote kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Wengine husaga meno ya kooni. Kambare wengi husugua mwiba wa pezi kwenye tundu lake. Yule samaki mdogo mwenye mistari myeupe aishiye ndani ya anemoni hufunga taya kwa kishindo. Hata papa, ambao tuliwahesabu bubu kabisa: mwaka 2025 watafiti wa New Zealand walichapisha rekodi za papa mdogo aliyekuwa akitoa milio mifupi ya "ta, ta" anaposhikwa. Spishi ambazo sauti zao zimekwisha kurekodiwa na kuthibitishwa zinakaribia 1,000, katika zaidi ya 34,000 zinazojulikana, na kwa kutazama jamii ambazo wenye sauti wanatoka, wapo wanaokadiria kwamba karibu theluthi mbili ya samaki wenye mifupa huenda wana uwezo huo.

Lakini kuwa na sauti si kuitumia saa zote. Mchana, ule muda mliochagua, mara nyingi kinachosikika ni kula. Pono hukwangua matumbawe mchana kutwa, na mkwaruzo wa meno yake husikika vizuri. Jua likizama analala, na usingizi wa pono mnaujua. Wanaoita kwa ajili ya kuzaana, ambao mara nyingi ni madume, wengi wao huanza machweo au usiku, wengine alfajiri, na huwa na misimu yao. Miaka ya 1980 watu waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za mashua huko Sausalito, California, walikesha kwa sababu ya mvumo mzito uliopita kwenye sakafu zao kila kiangazi. Wakashuku pampu za maji taka, wakashuku mitambo ya kijeshi. Walikuwa madume ya samaki wa aina moja tu, kila mmoja chini ya jiwe lake, akivuma usiku kucha ili jike aje atage kwenye kiota chake. Angelikwenda mtu kurekodi saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, kama nyinyi, angerudi na ripoti ya bahari tulivu.

Kwa hiyo ule "ngu, ngu, ngu" wenu. Siwezi kuwaambia ni nani, na atakayewatajia jina kwa kusimuliwa tu msimwamini. Ninachoweza kuwapa ni njia ya kujua kama ni kiumbe au ni kitu. Rekodini jioni saba au nane mfululizo, mwandike mlio unaanza saa ngapi. Mkondo wa maji hufuata kujaa na kupwa, na kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Chochote kinachogongwa na mkondo kitachelewa kwa kiasi hicho hicho siku hadi siku. Jua halisogei hivyo. Mlio ukianza kila jioni karibu na machweo, siku ya kwanza na ya nane, uwezekano wa kuwa ni mnyama ni mkubwa sana. Wapo samaki wanaofuata maji pia, kwa hiyo mlio unaohama na maji usitupwe, ila uchunguzwe zaidi. Kisha ufungueni kwenye Audacity, programu ya bure, na mchague mwonekano wa spektogramu, yaani picha ya sauti: muda kwa mlalo, masafa kwa wima. Hesabuni mapigo katika kila mlio, pimeni nafasi kati ya pigo na pigo, tazameni nguvu imekaa hezi ngapi. Samaki wa aina moja hujirudia kwa ukaribu, lakini si kama mashine. Joto la maji likipanda, mapigo mara nyingi huharakisha au sauti hupanda kidogo, kwa sababu misuli ya samaki hufuata joto.

Swali lenu la pili, la kuhesabu. Inawezekana, na imefanyika, ila sikieni ilivyofanyika. Kaskazini mwa Ghuba ya California, Mexico, penye delta ya mto Colorado, kuna samaki aitwaye kitaalamu Cynoscion othonopterus. Kila mwaka hukusanyika huko kwa maelfu na maelfu kutaga, siku za kuelekea mwezi mpya na mwezi mpevu, na madume huita kwa pamoja kwa makelele ambayo hata mtu aliye kwenye mashua huyasikia. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 walipita juu ya kundi hilo na kipimasauti cha mwangwi, kile kinachotuma mlio na kusoma unavyorudi, wakakadiria samaki walioko chini. Wakati huo huo walipima nguvu ya sauti ya madume. Ndipo wakapata uhusiano kati ya sauti na idadi. Angalieni masharti yake: spishi moja, mahali pamoja, tabia moja, na njia ya pili ya kuhesabu iliyowekwa kando ili kuisahihisha ya kwanza. Jambo linalofanana na hilo limefanywa kwa chewa wa Karibi wanaoguna kwenye hezi 100 hadi 200 hivi, nao pia wakati wa makutano ya kutaga.

Kwenye ghuba yenye spishi nyingi zilizochanganyika, milio mia inaweza kuwa samaki mia walioita mara moja moja au madume matatu yasiyochoka. Na wasioita hawamo kwenye hesabu kabisa. Hapa ile methali ya kimya kingi kina mshindo mkubwa iwekeni kando, kwa sababu kimya cha kinasa kinaweza kuwa cha samaki waliokwisha, au walionyamaza kwa sababu pomboo anapita, au wanaongoja mwezi uwe mpevu. Siku zenu 12 hazifiki hata nusu ya mzunguko wa mwezi. Bamvua nzima, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, ingeweza kuwapita bila nyinyi kujua.

Mnachoweza kuhesabu kwa uaminifu ni aina za milio. Watafiti waliopima miamba iliyopandwa upya matumbawe kwenye visiwa vya Spermonde, Sulawesi, Indonesia, walifanya hivyo katika kazi waliyoichapisha mwaka 2021. Badala ya kuitegemea alama moja ya kompyuta, walisikiliza kwa masikio vipande vifupi na kuandika aina tofauti za milio iliyodhaniwa kuwa ya samaki, hata isiyojulikana mwenyewe: mguno, mlio wa kupwita, mkoromo, mkwaruzo. Miamba iliyopona ilikuwa na aina nyingi kuliko ile iliyoharibika. Njia hii haihitaji kumjua kila samaki kwa jina. Inahitaji subira na masikio mawili yasiyo na upendeleo, na upendeleo ndio shida yenu, kwa sababu kila mmoja kwenye ghuba hiyo tayari ana upande. Basi mtu mmoja abadilishe majina ya mafaili yawe namba tu, asiwaambie wasikilizaji ipi ni ya ndani na ipi ya nje mpaka kazi iishe. Nami ningewaita hao wanaowacheka wakae nanyi wasikilize. Nasema kwa dhati: mtu aliyejaza karatasi kwa mkono wake mwenyewe hana namna ya kusema matokeo yalipikwa.

Mkirudia kazi, yabadilisheni haya. Vinasa vyote viwili vikae kwenye kina kilekile, sakafu ya aina ileile, na umbali uleule kutoka kwenye matumbawe au mawe. Vyote vifungwe chini kwenye uzito, bila mnyororo, bila pingu ya chuma, na kamba ya boya isiguse kinasa. Kama lazima iwepo, ifungwe kwenye uzito mwingine ulio hatua kadhaa kando. Katikati ya kazi vibadilishaneni: cha ndani kiende nje, cha nje kije ndani. Baadhi ya vinasa vya bei nafuu vina mvumo wao wenyewe au usikivu hafifu kwenye sauti nzito, na mkivibadilisha mtajua kama tofauti ni ya mahali au ya kifaa. Vihamisheni pia kwenye vituo vitatu vya ndani na vitatu vya nje, kwa zamu, kwa maana kituo kimoja kila upande kinaweza kuwa kimeangukia mbele ya mlango wa dume mmoja mwenye kelele, nanyi mkamhesabu yeye kama ghuba nzima.

Rekodini usiku na mchana, kwa mwezi mzima wa mbalamwezi kila raundi. Msiogope kujaa kwa kadi ya kumbukumbu. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, rekodi ya njia moja huchukua takriban megabaiti 346 kwa saa. Mkirekodi dakika 1 katika kila dakika 5, mnatumia gigabaiti 1.7 hivi kwa siku, na kadi ya gigabaiti 64 inawapeleka zaidi ya mwezi, betri zikiruhusu. Wakati wa kuchambua, chujeni kila kilicho juu ya hezi 1,500 kabla ya kusikiliza. Kamba wengi watabaki nje ya mlango na mtashangaa nani alikuwa anaongea nyuma yao. Siku zenye injini nyingi za mashua ziwekeni kando mzitaje, kwa sababu injini iko kwenye masafa yaleyale ya samaki.

Mtashawishiwa kutumia akili mnemba. Ipo, na mwaka 2022 programu moja ilitofautisha miamba mizima na iliyoharibika huko Indonesia kwa usahihi wa asilimia 92. Ilifunzwa kwa rekodi za miamba ile, na haijawahi kuisikia ghuba yenu. Mtashawishiwa pia kuazima spika mkawaite samaki, kwa kuwa mwaka 2019 ilichapishwa kazi ya Great Barrier Reef, miamba ya matumbawe ya Australia, ambapo sauti za mwamba mzima zilipigwa kwa siku 40 kwenye vifusi, na samaki wakaongezeka maradufu. Msifanye. Samaki aliyehamishwa kwa kuitwa atawaharibia hesabu, na kama hapo alipoitwa hapana chakula wala maficho mmemtapeli.

Kuna pengo moja ambalo sauti haitaliziba, na ni bora mlikiri nyinyi kabla hamjaambiwa. Hamkurekodi kabla ya kufunga. Hata mkipata aina 20 za milio ndani na 9 nje, mpinzani ana haki ya kuuliza kama haikuwa hivyo tangu zamani. Jibu lenu linapaswa kutoka kwingine: urefu na uzito wa samaki wanaovuliwa mpakani mwa eneo, ukiandikwa mwaka hadi mwaka, mitego midogo ya kupima na kuachia, kamera yenye chambo iliyowekwa siku maji yanapokuwa angavu kidogo. Mkianza kurekodi sasa, angalau mwelekeo wa miaka ijayo utakuwa na mahali pa kuanzia.

Yapo mambo ambayo msiyamalize kwa maandishi nami wala peke yenu. Mkitaka kutaja nguvu ya sauti kwa desibeli, kinasa lazima kipelekwe kwenye maabara kikasawazishwe. Namba za desibeli za kifaa kisichosawazishwa hazifai kulinganishwa na za mtu mwingine, na desibeli za majini hazilingani na za hewani hata kidogo. Mkihisi mmegundua mahali pa kutagia, mleteni mtaalamu wa uzazi wa samaki kutoka chuo au taasisi ya utafiti iliyo karibu aje aone kwa macho na kupima mayai, maana mlio wa kuchumbia hauthibitishi kwamba mayai yametagwa. Mkisikia kishindo kikubwa cha ghafla kinachofuatwa na mvumo na kimya, na kikajirudia siku nyingine, huenda ni baruti. Nakilini saa na tarehe, mpelekeni mwenye mamlaka rekodi ghafi, msitoke na mashua kwenda kumtafuta aliyelipua. Na kinasa kikinasa chini, asizame mtu peke yake kukifuata kwenye maji ambayo haoni mkono wake. Kifaa cha kuazima kinalipika.

Mahali hapo pa kutagia, kama papo, msipatangaze. Msipaweke kwenye ramani, msizungumze saa wala siku ya mwezi mbele ya watu msiowajua. Samaki waliokusanyika mahali pamoja, usiku uleule kila mwezi, wakitangaza kwa sauti walipo, humalizwa kwa bamvua chache.

Kile kipande cha jioni kitunzeni kikiwa ghafi, kama kilivyotoka kwenye kinasa. Msikichuje, msikikate, na msikibane kiwe MP3, kwa sababu MP3 hutupa kile ambacho sikio la binadamu halikihitaji, na huenda ndicho tunachokitafuta. Andikeni pembeni tarehe, saa ya machweo, hali ya maji siku hiyo, joto kama mlipima, na nani alikuwa zamu. Halafu kesho jioni rudini na kinasa palepale.